Kinu cha Quarry Bank: maji, pamba na watoto wa watu

Agosti 1806, wavulana wawili walifikishwa mbele ya mahakimu wa Middlesex, jijini London. Mmoja ni Joseph Sefton, miaka 17. Mwenzake, Thomas Priestley, alikuwa na miaka 13. Walikuwa wametoroka kwenye kinu cha pamba katika kijiji cha Styal, Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wakashika njia kwa miguu hadi London, mwendo wa karibu kilomita 300.

Mahakimu walitaka kujua wanaishije huko, na maelezo waliyotoa yaliandikwa na yamehifadhiwa hadi leo. Walisema hulala wawili wawili kitandani, mashuka hubadilishwa kila mwezi, shati safi hupewa kila Jumapili. Chakula ni mkate, uji wa maziwa na viazi, na Jumapili nyama ya nguruwe. Kazi huanza saa kumi na mbili asubuhi, hawatoki mpaka kama saa moja jioni. Bwana mwenye kinu hawakumsema kwa ubaya. Thomas akaeleza na habari ya mkono wake: siku moja akiwa kazini, gurudumu la mashine lilimnasa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, likakinyofoa. Daktari wa kinu alimtibu, na baada ya wiki kama sita akapona.

Basi kilichowatorosha ni nini? Walitaka kuwaona mama zao.

Kinu hicho ni Quarry Bank, na jengo lake la matofali lingali limesimama bondeni, kando ya mto Bollin, tangu mwaka 1784. Limeandikwa sana. Waandishi wengi huishia kubishana kama Samuel Greg, aliyelijenga, alikuwa bwana mwema au mbaya, na kila upande una ushahidi wake. Mimi naona mabishano hayo yanatupitisha kando ya jambo lenyewe. Kuna swali jepesi zaidi ambalo likijibiwa, mengine yote hujifungua: kwa nini kiwanda kikubwa namna ile kilijengwa porini, mahali ambapo hapakuwa na watu wa kukifanyia kazi?

Kufuata maji

Greg alizaliwa Belfast mwaka 1758, akalelewa na mjomba wake, Robert Hyde, mfanyabiashara wa nguo wa Manchester. Mwaka 1782 akairithi biashara. Zamani hizo tajiri wa nguo hakuwa na kiwanda. Alikuwa na ghala. Pamba na kitani viligawiwa majumbani, wanawake wakasokota uzi kwa mkono, wanaume wakafuma, kisha nguo ikarudi kwa tajiri. Tatizo likawa kwamba ufumaji ulikuwa umeongezwa kasi kuliko usokotaji. Wafumaji walikaa bila kazi wakisubiri uzi.

Aliyelifungua fundo hilo ni Richard Arkwright, kwa mashine aliyoipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1769. Ukitaka kuielewa, mkumbuke bibi anayepota uzi. Vidole vya mkono mmoja huvuta pamba taratibu mpaka iwe nyembamba, vya mkono wa pili huipa msokoto ili isikatike. Kazi ni mbili, kuvuta na kusokota, na vidole ndivyo vinavyojua lini kuzidisha na lini kupunguza. Mashine ya Arkwright iliweka jozi za rola badala ya vidole. Jozi ya kwanza inazunguka polepole, inayofuata kwa kasi zaidi, nyingine kwa kasi kubwa kuliko hiyo, na pamba ikipita katikati inavutika yenyewe. Mwisho wake kuna kijiti kinachozunguka mbio na kuusokota uzi. Mashine moja iliweza kusokota nyuzi nyingi kwa mpigo, usiku na mchana, kwa unene uleule.

Ila ilikuwa nzito. Mkono wa mtu haukuiweza, na farasi walichoka. Ilitaka nguvu ya mfululizo isiyopungua, na kwa wakati ule nguvu hiyo ilipatikana kwa uhakika mahali pamoja tu, kwenye maji yanayoteremka. Arkwright mwenyewe alikwenda kujenga Cromford, kwenye bonde la Derbyshire, mwaka 1771. Injini ya mvuke ilikuwepo, lakini ya kuzungusha mashine ilikuwa ndiyo kwanza inatoka mikononi mwa James Watt. Kwa hiyo matajiri wa pamba walitoka mjini wakaanza kuzunguka mabondeni wakitafuta mito, kama mfugaji anayetafuta malisho.

Greg alipata bonde la Bollin, kilomita zipatazo 16 kusini mwa Manchester. Ardhi ilikuwa ya bwana mkubwa, Earl wa Stamford, naye Greg akaikodi. Mto si mkubwa, lakini unateremka kwa kasi. Mfereji wa Bridgewater, ambao mashua za mizigo zilipitia, haukuwa mbali, hivyo marobota ya pamba yaliyoshushwa bandarini Liverpool yaliweza kufika. Alijenga mwaka 1784, wakati hataza ya Arkwright ya mwaka 1769 imeshamaliza muda wake. Mtu yeyote akawa huru kutumia mashine ile bila kumlipa mwenyewe.

Maji yenyewe yaliongozwa kwa njia ambayo mtu wa Uchagani aliyekulia kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, angeielewa bila maelezo. Kuna banio mtoni, kuna mfereji unaoyatoa maji pembeni na kuyashikilia juu wakati mto wenyewe unaendelea kushuka, halafu kuna mahali yanapoachiwa yaanguke. Tofauti ni kwamba haya hayakwenda shambani. Yaliangukia gurudumu.

Na gurudumu ndilo lililolipa jengo umbo. Kutoka kwenye ekseli yake nguvu hupanda kwa mhimili wa wima hadi ghorofa ya juu, na katika kila ghorofa gia hugeuza mzunguko huo uende kwenye shafti ndefu iliyolala chini ya dari, na kila mashine hufungwa kwenye shafti hiyo kwa mkanda. Ndiyo maana jengo ni refu na jembamba, ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu mashine zote zinakula kutoka kwenye mhimili mmoja. Ndiyo maana madirisha ni mengi, kwa kuwa kazi ilitaka mwanga na taa ya moto ndani ya vumbi la pamba ni hatari. Juu kuna kengele, ya kuwaita watu ambao wengi wao hawakuwa na saa. Mwaka 1796 jengo lilirefushwa na kuongezwa ghorofa, kazi iliyosimamiwa na mhandisi Peter Ewart, ambaye aliwahi kufanya kazi na kampuni ya injini za mvuke ya Boulton na Watt kabla ya kuingia ubia na Greg.

Sisi tuliokulia karibu na vinu vya kuchambua pamba tunalijua vumbi lile. Msimu ukifika unaliona kwenye nyusi za vibarua, kwenye nywele, kwenye majani ya miti iliyo kando ya barabara. Linakaa koo mpaka unakohoa ukiwa nyumbani. Katika kinu cha kusokota hali huwa ngumu zaidi, maana uzi hukatika hewa ikiwa kavu, na kwa hiyo joto na unyevu huachwa makusudi na vumbi linabaki humo humo. Sakafu ilikuwa imelowa mafuta ya mashine, na wengi walifanya kazi pekupeku.

Watoto wa parokia

Turudi kwenye swali. Maji yalipatikana, mashine zikafungwa, jengo likasimama. Nani atazihudumia?

Styal palikuwa na mashamba na wakulima wachache. Mkulima au mfumaji aliyezoea kupanga siku yake mwenyewe hakuwa na hamu ya kuingia ndani ya jengo linalotetemeka na kutawaliwa na kengele. Na mashine zenyewe hazikutaka misuli, maana misuli ilitoka mtoni. Zilitaka vidole vyepesi vya kuunga uzi uliokatika, na miili midogo ya kupita chini ya mashine kufagia pamba iliyoanguka huku mashine ikiendelea kwenda.

Sheria ya Uingereza ya kuhudumia mafukara ilikuwa imeziachia parokia, yaani mitaa ya kanisa iliyokuwa pia na kazi za serikali, mzigo wa kuwalisha maskini wao, pamoja na yatima na watoto waliotelekezwa. Kila mtoto aliyekuwa katika nyumba ya mafukara alikuwa gharama kwa walipa kodi wa parokia, na mtoto aliyeandikishwa uanagenzi mahali pengine alikuwa gharama iliyoondoka. Hapo ndipo haja mbili zilipokutana. Parokia za karibu zilileta watoto, baadaye wakatoka na mbali, Liverpool na hata Hackney kule London, walikotoka Joseph na Thomas. Parokia ilimlipa Greg gini mbili kwa kila mtoto, yaani paundi mbili na shilingi mbili, na kumpa mtoto nguo za kubadilisha. Mwaka 1817 kasisi wa parokia ya Biddulph alimwandikia kumjulisha kwamba ana watoto maskini, wa kike na wa kiume, wa miaka tisa hadi kumi na miwili, na anaweza kutoa kumi au zaidi. Huo ulikuwa mwendo wa kawaida wa shughuli. Aliyeandika barua ile bila shaka aliona anawatafutia watoto riziki.

Mwaka 1790 Greg alikuwa ameshawajengea nyumba yao, umbali mfupi juu ya kinu. Katika kilele chake ilikaa watoto wapatao 90, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana. Katika miaka ya mwanzo wanagenzi walikuwa karibu nusu ya wafanyakazi wote wa kinu. Waliishi chini ya msimamizi na mkewe, walilima bustani ya mboga, walifundishwa kusoma kidogo, Jumapili wakaenda kanisani. Hawakulipwa mshahara. Walifanya kazi kwa chakula, nguo na malazi mpaka miaka ya mkataba iishe, na wakizidisha saa walipata senti chache.

Ni haki kusema kwamba walitunzwa vizuri kuliko watoto wa vinu vingi. Bunge lilipotunga sheria ya kwanza ya wanagenzi wa pamba mwaka 1802, ikaweka kikomo cha saa 12 kwa siku na kukataza watoto zaidi ya wawili kitanda kimoja, mengi ya hayo Greg alikuwa akiyafanya tayari. Mkewe, Hannah Lightbody, aliyeolewa mwaka 1789, alikuwa mtu wa madhehebu ya Kikristo ya Unitaria, msomaji, mwenye kuamini elimu, na alijishughulisha na masomo ya watoto wale. Daktari Peter Holland wa Knutsford aliajiriwa miaka ya 1790 kuwaangalia, na hutajwa kuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kabisa wa kiwanda duniani. Alitibu kwa dawa za wakati ule, ruba za kunyonya damu, salfa iliyochanganywa na molasi, na aliandika daftari. Alimpima kila mtoto kabla hajapokelewa.

Hapo kwenye kupima ndipo mimi hukwama. Daktari aliyemtibu Thomas kidole chake ndiye aliyekuwa akithibitisha kwamba mtoto anayeletwa ni mzima wa mwili na ataweza kazi. Mtoto mgonjwa alirudishwa kwenye parokia yake. Wema wa Greg ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa ndani ya hesabu. Angewapoteza hao, angewapata wapi wengine, porini pale? Mwenye kinu mjini Manchester aliweza kumfukuza mtu asubuhi na kumpata mwingine mlangoni mchana. Mwenye kinu cha maji bondeni hakuweza. Mto ulimlazimu awe mlezi, na mto huohuo ulimfanya awe mlinzi wa geti. Mtoto aliyetoroka aliondoka na mkataba wa miaka ambayo tayari ilikuwa imepangiwa kazi.

Kuna mfano unaonisaidia kuliona jambo hili, na unatugusa sisi moja kwa moja. Ng'ambo ya bahari, huko Massachusetts na New Hampshire, matajiri wa Marekani nao walijenga viwanda vya pamba kwenye maporomoko ya mito, maarufu zaidi ni vya Lowell vilivyoanza miaka ya 1820. Shida ilikuwa ileile, maji yapo, watu hawapo. Wao wakaenda kwa wakulima wakawachukua mabinti, wakawajengea mabweni, wakawalipa mshahara. Nguo iliyotoka kwenye vinu vile vya maji ilivuka hadi Unguja, hasa baada ya mkataba wa Marekani na Sultani Said wa mwaka 1833, na watu wa pwani na bara wakaiita kwa jina la ilikotoka: merikani. Nyanya zetu walijifunga nguo iliyosokotwa na mabinti wa mabwenini. Kwa hiyo bonde lisilo na watu halikuwa na jibu moja tu. Greg alichukua jibu lililokuwa jepesi kwake, kwa kuwa parokia zilikuwa tayari na watoto mkononi.

Upande wa Dominica

Merikani ile na uzi wa Quarry Bank vilikutana kwenye jambo moja, pamba iliyochumwa na watumwa. Pamba ya Greg ilitoka kwanza Karibea na Brazili, kisha zaidi na zaidi kusini mwa Marekani. Hilo lilikuwa la vinu vyote vya Uingereza. Lakini familia hii ilikuwa na zaidi ya hapo. Miaka ya 1790 Samuel Greg alirithi kwa ami yake, John Greg, shamba la miwa la Hillsborough katika kisiwa cha Dominica, pamoja na watu waliomilikiwa humo. Walikuwa na shamba jingine, Cane Garden, kisiwani St Vincent.

Kwa muda mrefu habari za kinu zilisimuliwa bila mashamba hayo, kana kwamba ni maisha mengine ya mtu mwingine. Mimi nayaona kuwa sehemu ya jengo. Mwaka 1814, miaka minane baada ya Joseph na Thomas kufikishwa kwa mahakimu wa Middlesex, baadhi ya watu wa Hillsborough nao walitoroka, wakakimbilia milimani kwenye misitu ambako watumwa waliojikomboa walikuwa na makao yao. Serikali ya kisiwa iliwawinda, na waliokamatwa walihukumiwa. Sisemi kwamba mtoto wa Styal na mtumwa wa Dominica walikuwa sawa. Hawakuwa. Thomas aliulizwa anakula nini, na karani akaandika jibu lake kwa heshima. Mkataba wake ulikuwa na mwisho. Mtu wa Hillsborough alikuwa mali, mwili wake na watoto wake, na aliyemkamata alimjibu kwa kiboko. Lakini faida za watoro wale wote ziliingia katika daftari za familia moja.

Bunge lilipofuta utumwa katika makoloni kwa sheria ya mwaka 1833, serikali ilitenga paundi milioni 20 kuwafidia wamiliki. Akina Greg walikuwa miongoni mwa waliolipwa. Waliokuwa wamemilikiwa hawakupewa chochote.

Gurudumu la chuma

Mto una majira. Kiangazi maji hupungua, na kinu chenye mashine nyingi kikabaki kinazunguka kwa unyonge. Mwaka 1810 Greg alinunua injini ndogo ya mvuke ya Boulton na Watt, ya nguvu za farasi 10, ya kusaidia tu wakati wa ukame. Makaa ya mawe yalikuwa lazima yanunuliwe na kusombwa mpaka bondeni, maji yalikuja yenyewe, kwa hiyo bado alipendelea maji. Akaamua kuyakamua zaidi.

Kazi iliyofanyika hapo ndiyo inayonistaajabisha kuliko zote katika jengo lile. Nguvu ya maji hutokana na wingi wake na kimo yanachoanguka. Wingi wa Bollin haukuongezeka, basi wakaongeza kimo, na kwa kuwa hawakuweza kuuinua mto wakalishusha gurudumu. Walichimba shimo chini ya jengo, chini hata ya usawa wa mto uliokuwa ukipita nje. Sasa maji yakishaanguka humo yatatokaje, na mto uko juu yake? Wakachimba handaki kwenye mwamba, la mamia ya mita, likafuata bonde chini kwa chini mpaka mahali ambapo mto wenyewe umeteremka vya kutosha kuyapokea. Ndani ya shimo likawekwa gurudumu la chuma lililosanifiwa na Thomas Hewes, likaanza kazi karibu mwaka 1818. Kipenyo chake kilikuwa futi 32, karibu mita 10, na lilitoa nguvu za farasi zipatazo 100. Halikutoa nguvu kwa ekseli yake kama yale ya zamani. Nguvu ilichukuliwa kwenye ukingo, kwa meno yaliyoshikana na gia ndogo, hivyo spoki zake ziliweza kuwa nyembamba kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubeba uzito tu. Limezunguka hadi mwaka 1904.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1830 kampuni ya Greg ilikuwa na vinu vitano na wafanyakazi zaidi ya 2,000, moja ya kampuni kubwa kabisa za kusokota uzi nchini. Na karibu na kinu palikuwa pameota kijiji. Katika miaka ya 1820 zilijengwa nyumba za safu za familia za wafanyakazi, kila moja na choo chake nje, kitu ambacho wafanyakazi wa Manchester walikiota tu. Likajengwa kanisa, ikajengwa shule, duka likafunguliwa. Kodi ya nyumba ilikatwa kwenye mshahara. Watu wazima waliletwa pamoja na watoto wao, na mkataba wa baba mara nyingi uliwahesabu na wanawe.

Kadiri kijiji kilivyojaa, haja ya watoto wa parokia ikapungua. Hilo halikuwa jambo la huruma. Kinu kilikuwa kimeshajizalia watu wake.

Samuel Greg alistaafu mwaka 1832 baada ya kupigwa pembe na kulungu dume, akafa mwaka 1834. Mwanawe Robert Hyde Greg akashika usukani, akaleta mashine za kufuma, na akawa mpinzani mkali wa sheria za kupunguza saa za kazi. Ni katika zama zake tunapokutana na mtoro wa tatu ninayetaka kumtaja. Esther Price aliletwa kutoka nyumba ya mafukara ya Liverpool. Mwaka 1836 alitoroka na mwenzake, na aliporudi alifungiwa peke yake chumbani katika nyumba ya wanagenzi, dirisha likazibwa kwa mbao. Alikaa humo siku kadhaa. Wiki hiyohiyo mke wa msimamizi alifariki, na mwili wake ukalazwa katika nyumba ileile. Msichana akajikuta amefungiwa gizani jirani na maiti. Akabandua mbao, akaruka dirishani.

Tunayajua haya kwa sababu wenye kinu wenyewe walilazimika kuyaeleza. Wakati ule wakaguzi wa serikali walikuwa wameshaanza kazi chini ya sheria ya viwanda ya mwaka 1833, na wapinzani wa wenye viwanda walikuwa wakikusanya visa. Miaka 30 kabla, wakaguzi hao hawakuwepo.

Mwaka 1847, Bunge likapitisha sheria ya saa kumi, na uanagenzi wa Quarry Bank ukafungwa mwaka huohuo. Nyumba ikabaki, watoto wakaisha.

Lililokihifadhi

Baada ya hapo historia yake ni ya kushuka taratibu, na haina mengi. Mvuke ulishinda. Viwanda vilirudi mijini, karibu na makaa na reli na umati wa watu wanaotafuta kazi. Quarry Bank ikabaki nyuma bondeni, na kwa kubaki nyuma ikasalimika. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kulivunja ili ajenge kubwa zaidi mahali pale, kwa kuwa hapakuwa na faida ya kujenga kubwa zaidi pale. Mwaka 1904 gurudumu kuu liliachwa, zikawekwa tabo (turbine) za maji mbili, ndogo na zenye tija zaidi, nazo zikaendesha mashine zilizobaki. Alec Greg, wa kizazi cha mbali cha mwanzilishi, alilikabidhi shamba lote, kinu na kijiji, kwa National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi urithi, mwaka 1939. Uzalishaji wa biashara ukakoma 1959, na katika miaka ya 1970 jengo likageuzwa makumbusho. Leo njia ya ndege ya uwanja wa Manchester imepita karibu yake.

Jambo jingine lililosalia ni karatasi. Kinu cha mjini kikifilisika, daftari zake huuzwa kwa kufungia samaki. Hapa familia moja ilikaa mahali pamoja miaka zaidi ya 150 bila kuhama, na mikataba ya wanagenzi, barua za parokia, maandiko ya daktari, vyote vikabaki kabatini. Nyingine kati ya mikataba hiyo zina alama ya msalaba mahali pa sahihi, iliyochorwa na mkono wa mtoto asiyejua kuandika.

Gurudumu la Hewes halikubaki. Lile linaloonekana likizunguka sasa lilitolewa kwenye kinu kingine cha nguo, Glasshouses huko Yorkshire, likasafirishwa vipande vipande na kufungwa Quarry Bank miaka ya 1980. Ni dogo kuliko la asili. Maji ni yaleyale. Yanaingia kwenye banio, yanaangukia chuma ndani ya shimo, kisha yanapita gizani katika handaki lilelile lililochimbwa kwa mikono na kutokea bondeni, mbali na macho ya wageni. Juu yake, kwenye kilima, nyumba ya watoto ina madirisha yaliyo wazi.